Chungu Kilichosema kwa Sauti ya Baba

Mimi Prisila nikikosewa sisahau, na anayenijua pale Majengo mjini Mpanda ninapouza wali maharage atakwambia hivyohivyo. Padri amenisema, mume wangu amenisema, wateja nao wamenisema. Mtu akinigusa mimi mwenyewe naweza kumtukana nikatosheka, yakaisha. Ila Deogratias hakunigusa mimi. Alimgusa mdogo wangu Telesphor, halafu akamgusa mama. Kwa hiyo lake nalieleza lote bila kupunguza, na kama atalisikia huko alikojificha, alisikie vizuri.

Telesphor nimezaliwa naye Usevya, kwenye mpunga. Tangu mdogo si mtu wa maneno. Unaweza kumsimulia jambo tangu jua linachomoza, yeye akakujibu "ndiyo" akaendelea na kazi yake. Alipomaliza shule alipata kibarua cha redio kol kwenye kambi moja ya wawindaji huko porini. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa na spika sikioni kutwa, akisubiri gari lililokwama liite. Aliyemfundisha ni mzee Libérat, fundi redio wa Mishamo, aliyeingia nchini kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni na sasa ni Mtanzania kama mimi na wewe. Simu za mkononi zilipoenea kambi ikazima redio. Telesphor akarudi mjini, akajenga vyumba viwili Misunkumilo, akawa fundi wa sola. Baba yetu Leodgar alipofariki, mama akahamia kwake. Mpaka leo hajaoa. Watu walikuwa wanamtania kwamba ameoa kimashine, naye anacheka tu.

Hicho kimashine ni kompyuta, usikidharau. Ni kibao kimoja tu chenye vidubwasha juu yake, unakifunika kwa kiganja, na Telesphor alikuwa amekilaza ndani ya kopo la siagi alilolitoboa pembeni ili kipate hewa. Pembeni yake kuna redio ndogo aliyoiunga mwenyewe, betri ya sola na skrini iliyotolewa kwenye televisheni ya zamani. Nje alivuta waya kutoka kwenye paa hadi juu ya mwanzi mrefu. Alifanya mtihani wa serikali akafaulu, akapewa leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kujifurahisha isiyoruhusiwa kufanyiwa biashara. Leseni aliitundika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria, na sikumbuki kumwona akimfuta vumbi Bikira mara nyingi kama alivyoifuta leseni.

Nilimuuliza anaongea na nani. Akasema haongei, anaandika. Kompyuta inageuza maneno machache kuwa milio, redio inaituma robo dakika, halafu inanyamaza robo dakika kusikiliza anayejibu. Nguvu ya redio yake haifiki hata ya taa ya sebuleni. Ikifika Japani au Brazili imeshazama chini ya makelele, na sikio la binadamu halisikii kitu. Lakini ile programu inayachambua makelele mpaka inamtoa mtu humo ndani, kama mama anavyosikia mtoto wake akilia sokoni huku mashine ya kusaga inanguruma. Kwenye skrini makelele ni rangi ya bluu inayoshuka taratibu, na kila mtu ni kamstari. Vingine vimefifia hata huvioni, lakini pembeni maandishi yanatokea kwamba fulani wa Ujerumani anakusalimu na amekusikia kwa shida. Basi, hawaelezani zaidi ya hapo.

"Yaani umevuta waya wote huu," nikamwambia, "ili mzungu akuandikie kwamba amekusikia kwa shida?"

"Ndiyo," akasema.

Sasa sikia kilichomponza. Radi za Mpanda hazina utani. Mwenye waya juu ya mwanzi, mawingu yakianza kujikusanya lazima auchomoe na kuushusha, la sivyo radi inamfuata mpaka mezani. Kwa hiyo kila mara upande wa Sibwesa ukiwa mweusi, Telesphor alitoka mbio uani, akafungua kamba, akashusha waya. Mvua ikinyesha, nani atamwona? Wote wako ndani wanakinga maji. Lakini mawingu yakipita bila kutoa tone, wote wako nje kwenye mahindi yao, shingo juu, na wanachokiona ni Telesphor anavuta kamba na wingu linaondoka. Walimwona hivyo msimu mzima, na hakuna aliyemuuliza. Naye wala hakufikiri kwamba kuna la kueleza.

Ng'ambo ya barabara ndipo alipohamia Deogratias. Alitokea wapi hatujui. Leo alisema Tabora, kesho Kigoma. Alibandika kibao cha bati, "Mtaalamu Deo", akaziba madirisha ya chumba kimoja, akaweka chungu kikubwa kilichofunikwa kitambaa chekundu, na wafu wakaanza kusema na jamaa zao kutoka ndani ya chungu. Watu walimiminika. Walioletwa kwa bodaboda, waliotembea kwa miguu, hata wenye magari. Wakati wanasubiri zamu walikaa kwenye benchi la banda la jikoni, na mke wake Lidia akawapa uji wa ulezi wenye sukari ya kutosha, bure.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini uji ni bure. Kwetu mtu akikukuta una shida akakupa uji, unamweleza shida yako. Kuunywa kimya halafu ukarudisha kikombe ni dharau, ataona umemfanya mtumishi. Kwa hiyo kila aliyekaa pale alimimina: kafiwa na nani, marehemu alikuwa akimwitaje, aliugua nini, walikosana kwa lipi. Lidia anakoroga uji anaitikia, "pole mama, pole baba." Nikimkumbuka natamani lile sufuria lingemmwagikia.

Mama naye akaenda. Mama yangu Emerensiana, mwenye rozari shingoni, hakumwambia padri wala mimi. Nilikuja kujua kwa sababu alianza kuchangamka. Tangu baba afariki alikuwa anakula kama ndege. Ghafla anamaliza sahani, anasuka nywele, anacheka peke yake. Nikambana, akasema amesalimiana na baba. Chungu kilimwita "binti Mbede". Ndivyo baba alivyokuwa akimwita, maana alimwoa kutoka kijiji cha Mbede na hakuna mwingine aliyemwita hivyo. "Baba yenu kaniuliza kama miguu inauma bado," akasema, na uso wake ukawa wa msichana. Sikupenda, lakini ningesema nini? Mtu anacheka baada ya kulia vile.

Siku moja mchana Telesphor akiwa kwenye redio, skrini yote ikageuka njano. Vile vimstari vya watu wa mbali vikafunikwa vyote, na spika ikakoroma. Ikaacha, ikarudi. Kwa nguvu ile alijua kinachopiga kiko jirani, na masafa yenyewe ni ya zile redio za plastiki za kuchezea watoto, zinazouzwa mbili mbili. Hakuhangaika kusikiliza zinasema nini. Yeye ni wa wanaonong'ona, anayepiga kelele hana habari naye. Akavaa shati akavuka barabara.

"Shikamoo, mzee. Samahani, hapa kwako kuna mtoto ana redio ya kuchezea. Inanizibia mchana. Kama inawezekana achezee upande wa nyuma."

"Marahaba, mwanangu," Deogratias akasema, akamwekea mkono begani. "Nitamwambia."

Pale hapakuwa na mtoto. Deogratias na Lidia hawana mtoto hata mmoja! Mdogo wangu anayemsikia Mjapani chini ya makelele hakuliona hilo, akashukuru, akarudi zake ndani. Hili namsema nalo mpaka kesho.

Deogratias akajua kwamba ng'ambo ya barabara kuna mtu anayeweza kuwasikia wafu wake. Akasubiri. Januari mvua ikakata, mahindi yako kwenye mbelewele, majani yakaanza kujikunja. Chungu kikapata la kusema. Kikamwambia huyu kwamba mvua imefungwa, kikamwambia yule kwamba imefungwa kwa kamba, na yule wa tatu kikamwambia atazame nani huvuta kamba. Na mama yangu kikamwambia, kwa sauti ya mume wake, "Binti Mbede, mtoto wetu ndiye anayeifunga mvua. Usile kutoka mkononi mwake."

Walikuja asubuhi, wana majembe na mapanga. Waliangusha mwanzi, wakaukata waya vipande vipande kama wanaua nyoka. Kuna aliyemzaba kofi Telesphor, na kuna aliyeuliza kiberiti kiko wapi. Mwenyekiti wa mtaa aliwahi, ndiyo pona yake. Muda wote huo Deogratias alisimama getini kwake kakunja mikono, anasema, "Msimpige, jamani, msimpige," kwa sauti ya mtu anayesema pigeni. Na mama alikuwa amesimama humohumo kwenye watu.

Walipotawanyika Telesphor akapika. Uso umevimba, akapika ugali na samaki, akamnawisha mama mikono, akamsogezea sahani. Mama akairudisha. Akafunga nguo zake kwenye kanga, akaja kwangu Majengo.

Tangu hapo jina la Telesphor likawa Mfunga Mvua. Wenye sola zao wakatafuta fundi mwingine. Watoto wakimwona anapita wanatimua mbio. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kwangu na kikapu, mara dagaa, mara maembe, mara mihogo aliyoichemsha mwenyewe, na mama akakipokea kwa adabu, akashukuru, akawamwagia kuku. Alifanya hivyo mbele ya macho ya mwanawe, na kila Jumamosi kwa chungu hakukosa. Mimi nikamwambia Telesphor nitakununulia waya mwingine. Akatikisa kichwa.

"Waya si kitu, dada. Nataka mama ale kwangu."

Hilo tu ndilo alilotaka. Mimi nilitaka zaidi. Nilitaka kumwona Deogratias amepiga magoti kwenye vumbi. Nilikuwa nakoroga maharage namwona humo. Tena mvua ilirudi siku chache baada ya mwanzi kukatwa, kama inavyorudi kila mwaka, na sifa zote zikamwendea yeye. Watu walimpelekea kuku! Nilishindwa kulala na mume wangu akaniambia nitapasuka.

Telesphor hakuweza kukaa bila kusikiliza. Akatandaza waya mwembamba ndani ya nyumba, juu ya dari, pasipoonekana na mtu. Waya wa namna ile haufiki mbali, na watu wa ng'ambo wakawa hawapatikani. Mchana mmoja wa Jumamosi skrini ikawa njano tena, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kusikia, akaifuata ile sauti mpaka ikatulia. Akanipigia. Mtu ambaye hapigi simu hata siku ya Krismasi.

"Dada, njoo."

Niliacha wali jikoni nikapanda bodaboda. Kompyuta ilikuwa imerekodi. Akafungua, nikasikia mwanaume mwenye mafua anajikokotesha kizee, "Binti Mbede, umekuja. Miguu inaendeleaje?" Hata haikufanana! Baba alikuwa na sauti nzito, akikohoa mbwa wanaamka. Lakini itokee kwenye kaspika ka plastiki, ndani ya chungu, chini ya kitambaa, gizani, kwa mwanamke aliyemkumbuka mume wake mpaka amekonda, inatosha. Nililia. Nilipomaliza kulia nikamuuliza Telesphor kama ana panga.

Hakuwa na panga, alikuwa na akili. Alinieleza kwamba redio yake akiibadilisha kidogo anaweza kuingia humohumo, na chungu kikasema chochote atakacho yeye.

"Ingia!" nikasema. "Leo hii! Kiseme Deogratias ni tapeli, kiseme kuku wote warudishwe!"

"Leseni hainiruhusu kutuma kwenye masafa yale."

Weee! Nilimtazama huyu mtoto wa mama yangu. Wamemkatia waya kwa mapanga, wamemwita mchawi, na ananionyesha karatasi ukutani. Nilimtukana matusi ambayo Bikira pale ukutani hastahili kuyasikia. Akaningoja nimalize.

"Kusikiliza si kosa," akasema. "Wala kuwasikilizisha wengine."

Hapo nikamwelewa, nikataka kumbusu. Sokoni namjua jamaa anayetangaza sumu ya panya, ana spika ya kusikika kuanzia stendi mpaka kanisani. Nilimlisha wali bure wiki hiyo, akaniazima. Nikaipeleka Misunkumilo imefunikwa na gunia.

Tuligombana kwa jambo moja tu. Telesphor alitaka tufanye siku ambayo mama hayupo. Mimi nikakataa katakata. Nilimwambia kwamba mama lazima awe mle ndani, asikie kwa masikio yake, la sivyo kesho atasema ni wewe uliyefanya kwa kimashine chako. Akaifuta leseni vumbi ambalo halikuwepo.

"Atavunjika," akasema.

"Wa kuvunjika ni Deogratias."

Mimi ndiye mkubwa, na neno langu likapita. Jumamosi iliyofuata nikampeleka mama mimi mwenyewe. Nilimpaka mafuta miguuni, nikamvalisha kitenge chake kizuri, nikamshika mkono njia nzima. Alifurahi kwamba hatimaye nimemkubali Mtaalamu. Benchi lilikuwa limejaa, wengine wamekaa chini. Lidia alinipa uji na mimi, nikaunywa wote, nikamwambia shida yangu ni presha. Mama akaitwa ndani. Nikaenda mpaka katikati ya barabara nikavua kilemba nikakitikisa. Ndiyo ilikuwa ishara yetu.

Spika ikakoroma kutoka dirishani kwa Telesphor, halafu ikanguruma mtaa mzima:

"Binti Mbede, mke wangu. Umekuja."

Waliokuwa kwenye benchi wakashtuka uji ukawamwagikia. Wakageuka kutazama ng'ambo. Kuna mama mmoja akapiga ishara ya msalaba. Sauti ikaendelea, ikamuuliza mama kama amekula, ikamwambia asihuzunike, na watu wote wakamsikia marehemu baba yangu anatoka kwenye spika ya sumu ya panya. Nikaona nyuso zinababaika, hazijui zimuogope nani. Nikaanza kuhofu kwamba watasema Telesphor amewakamata wafu kawatia kwenye kopo.

Kilichotuokoa ni tamaa ya kina Deogratias wenyewe. Yule mwenye mafua, asijue kwamba mngurumo wa nje ni wa sauti yake, baada ya kumuaga mama kwamba anapumzika kidogo, hakuachia kitufe. Spika ikasema, kwa sauti ya kijana tena ya kuchoka:

"We Lidia, huyu wa gauni la kijani kafiwa na nani?"

Na Lidia, aliyekuwa kainama pale jikoni mbele yetu, akajibu kwa mazoea kabla hajajishtukia, akielekea kwenye mlango wa stoo, na sauti yake tukaisikia mara mbili, mdomoni mwake na kwenye spika: "Mume. Ng'ombe zake wamedhulumu mashemeji. Alikuwa anamwita Mama Chausiku."

Mwanamke wa gauni la kijani akasimama. Alikuwa mkubwa wa mwili, Mungu ambariki. Hakupiga kelele. Alitembea mpaka mlango wa stoo akausukuma kwa bega, akatoka na mtu amemshika ukosi: Gervais, shemeji yake Deogratias, ambaye siku zote tuliambiwa ni mgonjwa haonani na watu. Mkononi ana redio ya plastiki ya rangi ya njano, imechorwa katuni ya sungura.

Loo, watu! Ule uji ulipata kazi nyingine. Lidia alikimbilia chooni akajifungia. Deogratias alitoka chumbani na ushanga wake na usinga wake, anauliza kuna nini wanangu, na mama wa gauni la kijani akamvua ushanga kwa mkono mmoja. Waliotaka kiberiti safari ile walikuwa wanataka kiberiti tena, watu walewale, sura zilezile. Telesphor akaja akasimama katikati, akasema hapana. Ndilo neno pekee alilosema. Na mimi sikumkatalia, maana mtu akiungua anaisha upesi, na mimi nilitaka aniishie polepole.

Nilimwambia Deogratias apige magoti, akapiga. Nikamwambia aeleze mbele ya mwenyekiti ni nani aliyetunga habari ya kamba, akaeleza, huku analia kamasi. Alieleza hata ile siku Telesphor alipokwenda na shikamoo yake. Halafu nikaingia jikoni kwa mdogo wangu, nikatoa ugali wa jana uliokauka na mchuzi wa dagaa uliolala, nikampa Telesphor.

"Mlishe."

"Dada, inatosha."

"Mlishe! Si alisema mkono wako haulishi? Mlishe, na wote waone."

Telesphor akamega tonge akachovya, akamwekea mdomoni. Deogratias akatafuna. Nikahesabu kila tonge kwa sauti, watu wakaitikia, kama harambee. Alipotaka kutapika nikamwambia ameze, akameza. Sijawahi kusikia raha kama ile, wala kanisani, wala siku ya ndoa yangu. Naisema kama ilivyo. Jioni ile polisi waliwachukua, baadaye wakatoka kwa dhamana, wakahama usiku, na mwenye kujua walipo aniambie.

Ni katikati ya kelele zile mwenyekiti aliponiuliza, "Na bibi yuko wapi?"

Tulimsahau. Mama yangu mzazi, nilimsahau mle ndani.

Niliingia nikasukuma dirisha moja mwanga ukaingia. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha na mafuta yangu bado yanang'aa. Kitambaa chekundu alikuwa amekitoa na kukikunja vizuri. Mkononi alikuwa na redio nyingine ya njano, pacha wa ile ya Gervais, ameipakata kama anavyopakata kifaranga mgonjwa. Sijui alikuwa amekaa nayo hivyo kwa muda gani. Yote yaliyosemwa nje aliyasikia, na tonge zote nilizohesabu alizisikia.

"Mama, twende nyumbani."

"Kwa nani?"

"Kwa Telesphor."

Akakubali kunyanyuliwa. Kuvuka ile barabara alikuwa mzito kuliko siku zote. Telesphor alimnawisha mikono, akampikia ugali mpya, na mama akala. Alimega, akatafuna, akameza, mpaka sahani ikaisha. Mdogo wangu aligeukia ukutani mabega yanatikisika. Alikuwa amelipata alilolitaka. Nami nikajiambia haya yamekwisha, nikarudisha spika kwa mwenyewe.

Wiki iliyofuata walewale walioangusha mwanzi walileta mwingine, mrefu zaidi, wakachimba shimo wakausimamisha wenyewe. Mawingu yakija sasa wanamwita, "Fundi, shusha!" Hakuna anayemwita Mfunga Mvua. Kazi za sola zimerudi, na mama anakula kwake kila siku, mchana na jioni. Lakini hachangamki. Hajasuka nywele tangu siku ile.

Nilikwenda kuwaona Alhamisi moja mchana, baada ya kufunga biashara mapema. Telesphor alikuwa kwenye redio, na mama kasimama nyuma yake, anatazama vimstari vinavyoshuka. Nilikuwa sijamwona hata siku moja akiisogelea ile meza.

"Hawa wote ni watu?" akauliza.

"Ni watu, mama."

"Na hiki kilichofifia?"

"Naye ni mtu. Yuko mbali."

"Wewe humsikii."

"Simsikii. Kompyuta inamsikia."

Mama akasogea mpaka kifua chake kikagusa kiti. "Basi mtafute baba yako," akasema.

Telesphor aliondoa mikono kwenye vitufe. Alinigeukia mimi, mwenye mdomo wa kumjibu kila mtu Mpanda hii, na mimi nikaanza kukifunga upya kilemba changu. Akamtazama mama. Mdogo wangu hajui kudanganya, hata kwa huruma.

"Mama, baba hana redio."

"Hata kule kwenye chungu hakuwa nayo," mama akasema. "Na alinijibu, mpaka nyie mlipomnyamazisha."

Telesphor akainuka, akamwachia kiti. Mama akakaa, akasogeza uso karibu na skrini, akaanza kupitia kamstari kamoja kamoja kwa kidole. Mpaka ninavyosimulia anakaa pale kila mchana, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia ainuke.